Fundi wa Kuitika

Kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi mkeka umeshatandikwa na mahali pa kukaa pameshachaguliwa. Ukitazama haraka utadhani Bibi ameketi tu penye nafasi. Sivyo. Kigoda chake kiko kwenye kona ya ukumbi, mgongo umeelekea ukuta, mlango wa uani uko kushoto na wa barazani uko mbele, hivyo hakuna mtoto anayeweza kumpotea nyuma ya mgongo. Tena kigoda chenyewe ni kifupi. Akikaa, macho yake hulingana na ya mtoto wa miaka miwili na nusu aliyesimama. Kimo hicho ndicho zana yake ya kwanza, na atakitumia kutwa nzima.

Nyumba iko Mbagala, kusini mwa Dar es Salaam, huko ambako akina mama wengi huwahi daladala za alfajiri kwenda Kariakoo, viwandani Chang'ombe, au kupiga deki kwenye ofisi za mjini kabla wenye ofisi hawajafika. Majirani husema tu "kwa Bibi". Afisa ustawi wa jamii ana jina refu zaidi la mahali hapo, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Watoto ni sita, mdogo kabisa ana miezi minane. Bibi amevuka miaka sitini, na anasaidiwa na binti mmoja ambaye watoto wanamwita Dada.

Mmoja kati ya hao sita ndiye aliyenifanya niombe ruhusa ya kushinda pale. Ni wa kiume, ana miaka miwili na nusu, mwenye afya njema na sauti kubwa. Huyu huita. Huita akiwa na haja, na huita akiwa hana. Ombi moja hulirudia mpaka mtu mzima aliye karibu atamani kuziba masikio. Wengi wetu tuna majibu mawili kwa mtoto wa namna hii: tunampa anachotaka ili anyamaze, au tunasema anadeka na kumwacha alie. Bibi ana majibu mengine, na nilitaka kuyaona yakitengenezwa.

Kazi huanzia mlangoni. Mama anafika na mtoto ubavuni, mfuko wa nguo begani, kopo la uji wa lishe mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba, Bibi hapokei mtoto kwanza, anapokea habari. Kalala saa ngapi? Kaamka mara ngapi? Chooni kaenda? Jana jioni kala nini? Mama anasema mtoto alichelewa kulala, mpaka saa sita usiku walikuwa macho, kwa sababu kulikuwa na muziki wa harusi mtaa wa pili. Bibi anaitikia "mhm" na haandiki popote. Lakini kuanzia hapo ameshajua kwamba leo saa tano kutakuwa na kilio, na usingizi wa mchana utawahishwa kidogo.

Kisha anampakata. Hapa nilitegemea amtue mkekani haraka, maana wengine walikuwa wanaingia, lakini Dada ndiye aliyewapokea hao. Bibi alikaa na huyu mmoja juu ya kanga yake, mikono yake yote miwili haina kazi nyingine. Hakumchezesha wala hakumwimbia. Alimgusa kifungo cha shati, akamsikiliza habari ndefu ya muziki wa jana ambayo sehemu kubwa haikuwa na maneno, akaitika pale palipokuwa na mapumziko. Hakumshusha. Alingoja mpaka unyayo wa mtoto mwenyewe ukaanza kuitafuta sakafu, ndipo akalegeza mikono.

"Asiyeshiba asubuhi ataomba mchana kutwa," aliniambia, na hakuwa anazungumzia uji.

Nilipoangalia ukumbi vizuri niliona kwamba kazi nyingine ilikuwa imeshafanyika kabla ya mtoto wa kwanza kufika. Vikombe vya plastiki vimepangwa juu ya boksi, si kwenye kabati, na kila mtoto ana rangi yake. Ndoo ya maji ya kunywa ina kifuniko na bomba dogo ambalo mkono wa mtoto unaweza kulifungua. Makopo matupu, vifuu vya nazi vilivyosuguliwa makali na vipande vya kanga kuukuu vimo kwenye beseni lililo chini. Mbuzi ya kukunia nazi haionekani. Nazi ilikunwa usiku, na mbuzi imetundikwa juu ya mlango wa jikoni. Maombi mengi ya watoto huzaliwa na vitu vilivyowekwa juu, na vyombo vikishushwa nusu ya makelele huisha. Anayebaki akiomba baada ya hapo, aghalabu anaomba kitu ambacho hakiwekwi kwenye boksi.

"Bibi, ona!"

Lilikuwa ombi la kwanza. Mtoto ameweka kopo juu ya kopo. Bibi ana ungo wa mchele magotini, anatoa chuya na mawe. Niliangalia mpangilio wa mwili wake. Mkono ulisimama kwanza. Halafu kichwa kikainuka, macho yakafika kwenye makopo, yakakaa hapo kidogo, kisha yakahamia usoni kwa mtoto. Yote hayo hayakuzidi muda wa kuvuta pumzi, lakini hakuna hatua iliyorukwa. "Nayaona," alisema. "La maziwa chini, la bluu juu." Akarudi kwenye mchele.

Hakusema hongera, wala hakupiga makofi. Nilipomuuliza baadaye alijibu kwamba akimsifu, mtoto atarudi kutafuta sifa. Akimwambia kile alichokiona, atarudi kwenye makopo. Na kweli alirudi kwenye makopo. Akaongeza la tatu, akaita tena, na Bibi akatazama tena kwa mpangilio uleule, mkono, kichwa, macho, uso. Safari hii aliongeza swali: "Na ukitaka kuweka hicho kifuu, kitakaa?" Mtoto alikiangalia kifuu kana kwamba hajawahi kukiona. Muda mrefu ulipita kabla hajaita tena. Swali lile lilikuwa limetupwa kwa kipimo. Lingekuwa gumu, angekuja kuomba asaidiwe. Lingekuwa jepesi, angerudi na jibu papo hapo.

Hapa pwani mtoto tunampa pia silaha ambayo mtu mzima hana namna ya kuikwepa. Tunamfundisha kuamkia kabla hajajua kuhesabu, na yeye hugundua haraka kwamba neno hilo moja linamlazimisha mkubwa yeyote kumjibu. Huyu wa Mbagala alikuwa ameshagundua. Alisimama mbele ya kigoda, mikono nyuma. "Chikamoo."

"Marahaba, mume wangu. Hujambo?"

"Chikamoo."

"Marahaba."

"Chikamoo."

"Marahaba."

Ningemwambia ameshaamkia, yatosha. Bibi hakumwambia hivyo. Aliitikia kila moja, ila aliacha kuipamba. Ya kwanza ilikuwa na jina, tabasamu na swali. Zilizofuata zilikuwa neno tupu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na vidole havikuacha mchele. Hakuna iliyokuwa fupi kwa hasira, na hakuna iliyokuwa tamu kuliko iliyotangulia. Nilikuja kuelewa kwamba hapo ndipo penye kazi yenyewe: jibu lipo, halijawahi kukosekana, lakini halina jipya. Mtoto hakuwa na la kufukuzia. Na kabla hajachoka mwenyewe Bibi alimfungulia njia: "Dada hujamwamkia leo." Akaenda mbio. Akamwamkia Dada, akamwamkia wa miezi minane, akamwamkia paka aliyelala dirishani, na paka alipokataa kuitikia akarudi kushtaki. Hilo lilikuwa jambo jipya, na Bibi akaliitikia kwa uso wake wote.

Maji yana ufundi wake. Mtoto anapoomba maji huwezi kumkatalia, hasa Dar es Salaam. Akaomba, Bibi akamwelekeza kwenye kikombe chake cha kijani, akajikingia, akanywa. Akaomba tena, akanywa kidogo. Mara ya tatu aliomba huku kikombe kiko mkononi mwake na kina maji. Bibi alimwita karibu, akakishika kikombe pamoja naye, akakiinua taratibu mpaka midomoni. Nilidhani anamnywesha. Kumbe alikuwa anamwangalia macho. "Mwenye kiu hutazama kikombe," alisema bila kugeuka, akijua kwamba namsikiliza. "Huyu ananitazama mimi." Akaweka kikombe pembeni na kumketisha gotini, akamkalisha hapo mpaka unyayo ukaanza tena kutafuta sakafu.

Nilikumbuka kazi ya Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, aliyefika Uganda mwaka 1954. Alizunguka katika vijiji vya Baganda karibu na Kampala, akatembelea familia 26 zilizokuwa na watoto wachanga 28, akakaa nao majumbani mwao na kuangalia. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Kati ya mambo aliyoyaona ni safari: mtoto anayetambaa huondoka kwa mama, huenda kukagua kitu, hugeuka kumwangalia, hurudi, humgusa, kisha huondoka tena kwenda mbali zaidi. Aliyekuwa na uhakika kwamba mama yupo ndiye aliyethubutu kwenda. Nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi wake, ambayo leo hufundishwa vyuo vikuu vya dunia nzima, ilipata sehemu ya umbo lake kwenye mikeka ya akina mama wa Uganda, na sijui kwa nini hatulisemi hilo mara kwa mara. Ukiwa na picha hiyo kichwani, "Bibi, ona" na "Bibi, maji" huacha kuwa kero za aina mbili. Zote ni safari za kurudi kugusa goti. Mtoto wa miezi minane hurudi kwa kutambaa. Wa miaka miwili na nusu ameshapata maneno, basi hurudi kwa sauti, hata akiwa upande wa pili wa ukumbi.

Saa nne hivi ndipo mambo yalipokaza. Wa miezi minane alihitaji kubadilishwa. Bibi alitandika kanga, akasogeza beseni la maji ya uvuguvugu, kitambaa, mafuta ya nazi, nepi safi na kopo la poda. Akamlaza, akafungua pini, akaifunga kabla ya kuiweka mbali. Mkono mmoja ulibaki kifuani kwa mtoto muda wote. Ndipo yule mkubwa akaja na kiatu, yeboyebo la mguu wa kulia. Alikuwa ameshavalishwa na kulivua mara kadhaa asubuhi hiyo.

"Bibi, nivalishe."

Sote huwa tunasema "subiri", na watoto hujifunza upesi kwamba neno hilo halina mwisho. Bibi hakuanza nalo. "Nikibana pini hii," alisema, na kumwonyesha, "halafu kiatu chako." Yaani alimpa kitu cha kuangalia ambacho kina mwanzo na mwisho, na kinaonekana. Kisha akampa kopo la poda alishike. Mtoto akaita tena: nivalishe. Bibi akajibu maneno yaleyale: nikibana pini hii, halafu kiatu chako. Akaita tena, akajibiwa vilevile. Mikono ilikuwa ikifanya kazi kwa mwendo wake wa kawaida, haikuharakishwa na kelele. Akafuta, akakausha mikunjo ya mapaja, akapaka mafuta, akaomba poda ("nipe sasa, mume wangu"), akanyunyiza, akarudisha kopo mikononi mwa mlinzi wake. Akakunja nepi, akaingiza vidole viwili kati ya pini na ngozi, akabana.

Kufikia hapo mtoto alikuwa ameshasahau. Kopo la poda lilikuwa na kifuniko kinachozunguka, na kiatu kilikuwa kimelala mkekani bila mwenyewe. Mtu mwingine yeyote angeshukuru na kwenda kuangalia chungu. Bibi alimkabidhi Dada mchanga, akanawa, akaenda mpaka alipo yule mtoto, akachuchumaa na magoti yake ya miaka sitini na kitu. "Pini nimebana. Leta mguu." Mtoto akashangaa kidogo. Akaleta mguu.

Nilikuwa nimeangalia mengi asubuhi ile, lakini hapo ndipo nilipomwona fundi. Kiatu hakikuhitajika tena. Alichokuwa anakitunza ni thamani ya ile ahadi, ili kesho akisema "nikimaliza hiki" mtoto awe na sababu ya kuamini na kungoja. Wataalamu wa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, husema juu ya malezi yenye mwitikio, na semina huendeshwa kulifafanua jambo hilo kwa makaratasi ya ukutani. Ningependa siku moja wamlipe Bibi nauli aende akafunge nepi mbele ya washiriki.

Kukataa nako kuna hatua zake. Karibu na saa tano, kama ilivyokwisha kutabiriwa mlangoni, njaa na usingizi vilikutana. Mtoto aliona pakiti ya biskuti jikoni. Bibi alikuwa uani, Dada ndiye aliyekuwa karibu. Dada alisema hapana, biskuti ni baada ya chakula. Mtoto akaomba tena, Dada akasema hapana. Sauti ikapanda, akaongeza machozi, akajilaza sakafuni, na alipofika kilele cha kelele Dada akavunja biskuti na kumpa nusu. Kimya kikashuka papo hapo. Ukimya huo ndio unaotudanganya wote.

Mwaka 1957 wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha kitabu kinene cha majaribio, mengi yakiwa ya njiwa wanaodonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa aliyezoea kulipwa kila anapodonoa, chakula kikikatika huacha mapema. Aliyezoea kulipwa mara mojamoja, bila kujua ni mdonoo wa ngapi utakaoleta punje, huendelea kudonoa muda mrefu sana baada ya chakula kukoma. Binadamu si njiwa, na Bibi angenifukuza barazani kwake ningesema hivyo mbele yake. Lakini kanuni anayoifuata ni hiyohiyo: kama atatoa, anatoa kwenye ombi la kwanza, akishakataa la kwanza, la ishirini nalo litakataliwa. Anayekataa matano na kutoa la sita amemfundisha mtoto kuhesabu mpaka sita.

Bibi aliporudi na kuona makombo mdomoni mwa mtoto hakumkaripia Dada mbele ya watoto. Alingoja. Ombi la pili la biskuti lilikuja mapema, kama alivyojua litakuja, na safari hii alilipokea mwenyewe. "Biskuti ni baada ya chakula." Alisema hivyo huku anakaa chini, si huku anaondoka, na hilo Dada aliambiwa aliangalie. Tukikataa, mwili wetu hupenda kukimbia. Bibi akikataa husogea. Alikaa sakafuni kando ya mtoto aliyejilaza, kiganja chake kikiwa wazi mkekani, karibu vya kutosha kufikiwa. Kelele zilipanda kuliko za mwanzo. Hili pia alikuwa amemwonya Dada: kabla ya kushuka hupanda, na ni pale juu ndipo watu huvunja biskuti. Alirudia maneno yake matano kila alipoombwa, hakuongeza la sita. Hakueleza habari za meno wala njaa. Hatimaye mkono mdogo uliokuwa unapiga sakafu ukaangukia kwenye kiganja, ukabaki hapo. Chakula kilipoiva alikula, na alipomaliza kula Bibi alileta biskuti bila kuombwa.

Kati ya mapambano hayo kuna kazi nyingine ambayo haina sauti, na nadhani ndiyo kubwa zaidi. Mtoto huyu alipokuwa ametulia, Bibi hakumsahau. Alimkalisha mbele ya ungo na kumpa kifuu. Kila jiwe lililopatikana kwenye mchele lilipitia mkononi mwake kwenda kwenye kifuu, chini ya macho ya Bibi, wakati wa miezi minane akiwa mgongoni kwa Dada ndani ya mbeleko ili asije akaokota. Mchele wa watu wanane uliochambuliwa hivyo huchukua muda mara mbili au zaidi. Bibi hakuonekana kuuhesabu muda huo. Mtoto alipokuwa ameinamia kifuu, hakumsemesha. Hakumwambia "kazi nzuri" wala hakumpapasa kichwa, kwa kuwa huo nao ungekuwa usumbufu. Aliendelea na ungo wake huku akimsikiliza, kama mpishi wa pilau anavyolisikiliza sufuria bila kulifunua. Na pumzi ya mtoto ilipobadilika, kichwa kilipoanza kuinuka, kabla mdomo haujafunguka, macho ya Bibi yalikuwa yameshafika pale. Mtoto akakuta anatazamwa. Hakuita. Alitabasamu na kurudi kwenye mawe.

Nililiona hilo likitokea tena na tena baada ya kujua pa kuangalia. Mara nyingi alikuwa anaitika kabla hajaitwa. Ninavyoona mimi, siri ya utulivu wa nyumba ile iko hapo kuliko kwenye kukataa, ingawa kukataa ndiko wageni tunakokukumbuka.

Saa sita na nusu ikawa usingizi, mapema kwa nusu saa. Kabla ya kulala kuna hadithi, na huyu alidai ya sungura na kobe, ambayo Dada aliniambia kwa kunong'ona kwamba ndiyo ya kila siku. Bibi hakujaribu kumshawishi achukue nyingine. Alisema paukwa, wakaitika pakawa, akaisimulia kwa maneno yaleyale na vituo vilevile, akiacha nafasi pale ambapo mtoto hupenda kumalizia. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mageni. Waliosikia hadithi ileile ikirudiwa waliyashika maneno hayo vizuri kuliko waliosikia maneno hayohayo mara zilezile katika hadithi tofauti. Mtoto anayedai sungura na kobe kila mchana huenda ana kazi anayoifanya, na kobe hajamaliza kumfundisha. Kabla kobe hajafika, alikuwa amelala.

Alasiri aliamka, akacheza uani na wenzake, kisha nikamsikia akilia ombi la zamani. "Bibi, kiatu." Dada alikuwa karibu, akajibu kwa yale aliyojifunza: nikimaliza kufua hii, halafu kiatu chako. Lilikuwa jibu sahihi. Lakini Bibi, aliyekuwa upande wa pili wa ukumbi na mtoto mwingine mapajani, alimkabidhi mtoto huyo kwangu bila maelezo na kutoka nje. Hakuuliza, aliinama moja kwa moja kwenye mguu wa kulia, akavua yeboyebo. Dole gumba lilikuwa limebanwa, na ngozi ya juu imeanza kuwa nyekundu.

Nilimuuliza alijuaje, maana neno lilikuwa lilelile na mtoto alikuwa ameshaliita asubuhi nzima. "Hakunitazama," alisema. "Alikitazama kiatu." Kisha akamgeukia Dada na kumwambia kwamba hajakosea, maneno yake yalikuwa mazuri, ila siku nyingine kabla ya kusema "nikimaliza" atupe jicho kwanza aone macho ya mtoto yameelekea wapi. Akampaka dole mafuta ya nazi. Viatu vyote viwili vikapandishwa juu ya kabati.

Jioni mama alipotokea barazani mtoto alimkimbilia, na alipomfikia tu akaangua kilio, akaanza kudai maji, biskuti, kiatu, abebwe, ashushwe, abebwe tena. Mama aliona haya. "Bibi, amekusumbua kutwa nzima hivi?" Bibi akasema hapana, hicho ni cha mama, amekitunza tangu asubuhi, ampakate hapo hapo barazani mpaka atake mwenyewe kushuka, ndipo waondoke, na nyumbani asiwashe jiko kabla ya kufanya hivyo tena. Akampa habari kwa mpangilio uleule aliozipokea nao: kala wali na mchicha, kamaliza, kalala kuanzia saa sita na nusu, chooni kaenda mara moja. Akamwonyesha dole. Mama akasema mshahara ukitoka atapita mtumba kutafuta namba kubwa zaidi, na Bibi akasema hadi hapo amlete na kandambili au miguu mitupu, ukumbi wake hauna misumari. Nyuma yao mama wa yule wa miezi minane alikuwa ameshafika na kusema hodi, na Bibi akageuka kumweleza habari za jino.